Kwa nini mwaka unakimbia

Julai 16, 1962, Michel Siffre, mwanajiolojia Mfaransa mwenye umri wa miaka 23, aliteremka katika pango la Scarasson kwenye milima ya Alps, bila saa wala kalenda. Humo mlikuwa na giza, unyevu na barafu. Kila alipoamka, alipokula na alipotaka kulala, aliwapigia simu wenzake waliobaki juu, nao walikatazwa kumwambia ni saa ngapi. Septemba 14 walipomwarifu kwamba muda wa kutoka umefika, yeye kwa hesabu yake ilikuwa ndiyo kwanza Agosti 20.

La kushangaza zaidi ni jaribio alilolifanya kwa simu: kuhesabu moja hadi 120, namba moja kwa kila sekunde. Alipodhani dakika mbili zimekwisha, juu zilikuwa zimepita tano. Hata hivyo mwili wake haukupotea njia. Aliendelea kulala na kuamka kwa mzunguko uliozidi saa 24 kidogo tu. Kilichopotea ni hisia ya muda, kwa sababu gizani siku zote zilifanana na hapakuwa na la kukumbuka.

Hapo ndipo lilipo jibu la watu wanaolalamika kila Desemba kwamba mwaka umekimbia. Muda uliopita tunaupima kwa kumbukumbu. Mwaka 2007, David Eagleman na wenzake nchini Marekani walieleza jaribio la kuwaangusha watu kutoka mita 31 hadi kwenye wavu. Kwa wastani, walikadiria kwamba anguko lao lilidumu zaidi, kwa takriban theluthi moja, kuliko la mwenzao waliyemtazama. Lakini namba zilizokuwa zikimetameta kwenye kifaa mkononi hawakuweza kuzisoma kwa kasi isiyo ya kawaida, yaani muda wenyewe haukwenda polepole machoni mwao. Maelezo ya watafiti ni kwamba hofu iliacha kumbukumbu nyingi, na kumbukumbu nyingi huonekana kama muda mrefu.

Si lazima mtu aanguke. Wiki ya kwanza katika mji mgeni huonekana ndefu; mwaka mzima wa kupanda daladala ileile, macho kwenye simu, huacha alama chache mno. Na kuwa mbali kimawazo namna hiyo kuna gharama. Utafiti wa Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert, uliochapishwa mwaka 2010, uliwauliza watu wazima 2,250 kupitia simu zao, kwa nyakati za kushtukiza, wanawaza nini. Karibu asilimia 47 ya muda mawazo yao yalikuwa mbali na walichokuwa wakifanya, na nyakati hizo furaha yao ilipungua.

Umakini hufundishika. Jon Kabat-Zinn alianzisha mafunzo ya umakini katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts mwaka 1979, na zoezi moja maarufu ni kula zabibu kavu moja: kuitazama mikunjo yake, kuinusa, kuiweka ulimini kabla ya kuitafuna, kisha kuisikiliza ladha yake mpaka iishe. Anayeanza afanye hivyo kwa tonge la kwanza la chakula cha mchana, simu ikiwa mbali. Mwenye sonona au aliyepatwa na kiwewe asijilazimishe kukaa kimya na mawazo yake peke yake, maana yanaweza kumzidi; aanze akiwa na mtaalamu wa afya ya akili.