Udongo wa Shamba Lako Umefika Malindi



Siku moja mwanao atakuja nyumbani na karatasi kutoka shuleni. Mwalimu anaomba ruhusa yako, pamoja na shilingi chache za gari, kwa kuwa darasa lataka kwenda pwani kuona mahali mto unapokutana na bahari. Labda utasema hivi: "Mimi ni mkulima, sina mashua wala nyavu. Mtoto na asome hesabu. Matope yako hata hapa nyumbani, ya nini kuyafuata mbali?"

Kabla hujarudisha karatasi hiyo bila kutia sahihi, soma habari hizi. Matope anayokwenda kuyaona huko huenda yakawa ni yako.

MTO MMOJA, MAJINA MATATU

Kama shamba lako liko katika skimu za Mua Hills au Makueni, maji ya mvua yanayotoka shambani mwako huingia katika vijito, na vijito huingia katika Mto Athi. Mto huo huanguka katika maporomoko ya Fourteen Falls karibu na Ol Donyo Sabuk, kisha huizunguka nchi ya Ukambani. Ukikutana na Mto Tsavo huitwa Galana. Ukikaribia pwani huitwa Sabaki, na kwa jina hilo huingia katika Bahari ya Hindi kilomita chache kaskazini ya mji wa Malindi. Safari yote ni kama kilomita 390.

Na wewe uliyepewa shamba katika skimu ya Magarini, wewe ni jirani wa mlango huo wa mto.

Mkulima wa Nyandarua asiseme kwamba habari hizi hazimhusu. Maji ya Kinangop hushuka Ziwa Naivasha, na maji ya Trans Nzoia hufuata Mto Nzoia mpaka Ziwa Victoria. Kila shamba lina mlango wake wa mto, nao ndio mahali ambapo hesabu ya mashamba yote ya juu hulipwa.

FUATANA NA WATOTO SIKU MOJA

Basi tufuatane na darasa, tuone wanalojifunza.

Safari huanza kwa kuangalia mwezi. Kila siku maji ya bahari hujaa mara 2 na kupwa mara 2, na kila siku huchelewa kwa kadiri ya dakika 50. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, huja bamvua. Hapo tofauti ya maji kujaa na kupwa katika pwani yetu hupita mita 3, yaani zaidi ya futi 10. Siku nyingine huwa maji mafu, wala hayasogei sana. Mwalimu aliye hodari huchagua siku na saa ambayo maji yanapwa asubuhi, ili watoto wapate kutembea juu ya mchanga na matope bila hatari. Mkulima hutazama mawingu kabla ya kupanda. Mvuvi hutazama mwezi kabla ya kutweka tanga.

Kwanza gari husimama penye daraja la Sabaki. Mtu mzima hushusha ndoo kwa kamba na kuteka maji. Hakuna mtoto anayeshuka ukingoni, maana mto huu una mamba na viboko. Maji hutiwa katika chupa mbili nyeupe. Chupa ya kwanza huachwa vivi hivi. Ya pili hutiwa kijiko cha chumvi, hutikiswa, kisha zote mbili huwekwa mahali pasipotikisika.

Baada ya muda watoto huona jambo. Katika chupa yenye chumvi udongo hugandamana na kushuka upesi, lakini katika ile nyingine maji hubaki na tope kwa muda mrefu. Ndivyo inavyokuwa mlangoni mwa mto. Udongo mwembamba uliosafiri mamia ya kilomita, ukikutana na maji ya chumvi, hushikana na kuzama. Kwa hiyo mahali hapo hujaa tope, na kwa sababu hiyo pia hujaa uhai.

Watoto wakifika mlangoni, huona ndege wengi wakichokoa tope kwa midomo mirefu. Wengine wamesafiri kutoka nchi za baridi za kaskazini, hata Siberia, kuja kula hapa. Pengine huonekana pia heroe, jamii ya wale wa Nakuru. Watoto hugawana darubini, huhesabu ndege, na kuandika hesabu hiyo daftarini. Hiyo ndiyo hesabu uliyotaka wasome.

MAHALI PALIPO NA MAJI MAANGAVU

Kutoka hapo gari huelekea kusini, mpaka hori ya Mida karibu na Watamu. Hapa hauingii mto mkubwa kama Sabaki. Maji ya bahari huingia na kutoka kwa mlango mwembamba, nayo ni maangavu. Mwalimu huwaleta watoto hapa makusudi, ili walinganishe mahali pawili.

Kandokando ya hori hiyo imeota mikoko. Katika pwani ya Kenya iko miti ya namna 9 inayoota katika maji ya chumvi, na watoto hufundishwa kuitambua: mkoko wenye mizizi kama miguu ya buibui, mchu wenye mizizi inayochomoza juu ya tope kama penseli ili ipate kuvuta hewa, mkandaa, muia na mlilana. Mtoto hulamba jani la mchu na kuonja chumvi, kwa sababu mti huo hutoa chumvi kupitia majani yake. Huona pia mbegu ya mkoko, ambayo humea ikiwa bado inaning'inia mtini, kisha huanguka kama mkuki na kujipanda yenyewe topeni.

Halafu watoto hutandaza kamba yenye umbo la mraba juu ya tope, kila upande mita 1, na kuhesabu mashimo ya kaa yaliyomo. Kaa wale, wengine wenye gando moja kubwa kuliko mwili, huchimba tope na kuingiza hewa chini, wakavuta majani yaliyoanguka na kuyala. Wewe unawajua nyungunyungu wa shambani mwako na kazi yao njema. Basi kaa ndiye nyungunyungu wa mikokoni.

Katikati ya mizizi hiyo hujificha samaki wadogo na kamba wachanga. Kamba huzaliwa baharini, hukulia katika maji ya mikoko na milango ya mito, na wakikomaa hurudi baharini, ambako wavuvi wa ghuba ya Malindi na Ungwana huwapata. Akatae mikoko, amekataa na kitoweo.

Hapo Mida pia upo mpango unaopaswa kumfurahisha kila mzazi. Tangu mwaka 2001, sehemu ya fedha zinazotokana na wageni wanaokuja kutembea juu ya daraja la mbao katikati ya mikoko husaidia kulipa karo ya sekondari kwa watoto wa jamii zinazoishi kando ya hori na msitu wa Arabuko-Sokoke. Mti uliosimama umelipa karo.

MZEE MVUVI NA MASWALI YA WATOTO

Mchana watoto huketi chini ya mti penye bandari ndogo ya wavuvi. Humwamkia mzee mvuvi, "Shikamoo, Mzee," naye huwaonyesha chombo chake. Hujifunza kwamba mtumbwi ni gogo moja lililochongwa, mara nyingi la mwembe. Kwamba ngalawa ina mbao mbili za pembeni zinazouzuia usipinduke. Na kwamba mvuvi hutega lema kwa kujua samaki apitapo, kama wewe unavyojua njia ya nguruwe mwitu.

Hujifunza pia habari za pepo mbili. Kaskazi ivumapo, tope la Sabaki husukumwa kusini, mpaka mbele ya mji wa Malindi na penye matumbawe. Kusi ivumapo, tope huelekea kaskazini. Ufuko wa Malindi umepanuka sana kwa mchanga na udongo ulioletwa na mto huo. Penye tope jingi samaki wa matumbawe hawakai, kwani matumbawe ni viumbe hai, na yakifunikwa na udongo au yakikosa mwanga wa jua hufa.

Hapo ndipo mtoto mmoja huuliza, "Udongo huu wote ni wa nani?"

JIWE LILILOWEKA HESABU

Swali hilo lina jibu. Katika bahari ya Malindi, ambayo sehemu yake imehifadhiwa na serikali tangu mwaka 1968, yako matumbawe makubwa ya miaka mingi. Matumbawe hukua kidogo kidogo kila mwaka, kama mti uongezavyo duara katika shina lake. Wataalamu walichunguza jiwe moja la matumbawe lenye umri wa miaka kama 300, wakapima dalili za udongo katika kila mwaka, na mwaka 2007 wakatangaza waliyoyaona.

Kwa muda wa miaka kama 200 ya kwanza, udongo ulioletwa na mto haukubadilika sana. Tangu karibu na mwaka 1900 ukaanza kuongezeka, na ukaendelea kuongezeka. Ndio wakati nchi za juu zilipoanza kulimwa kwa wingi, misitu ikakatwa, na watu na mifugo wakaongezeka. Jiwe lililo chini ya bahari limetunza hesabu ya majembe yetu.

Fikiri basi. Udongo unaochukuliwa kwanza na mvua ni ule wa juu, wenye mbolea, uliouvunjia mgongo na kuununulia samadi. Mvuvi wa Malindi hakuuomba, wala haumfai. Wewe umepoteza mahindi, na yeye amepoteza samaki. Hasara ni mbili kwa udongo mmoja.

KAZI BAADA YA SAFARI

Safari njema haiishi gari linaporudi. Shule nyingi zina vyama vya 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, ambavyo serikali ilivifufua mwaka 2021. Wanachama waweza kufanya kazi hizi pamoja na wazazi:

1. Mvua ikinyesha, kingeni maji yanayotoka katika shamba tupu, na mengine yanayotoka penye nyasi. Yawekeni katika chupa mbili na mzitazame kesho yake.

2. Pimeni shamba kwa mbao tatu zilizofungwa kwa umbo la A, zenye kamba na jiwe katikati, ili mpate mistari inayokwenda sawasawa kukata mteremko.

3. Juu ya mistari hiyo chimbeni matuta ya fanya juu: mtaro wa upana wa kama futi 2 na kina cha futi 2, na udongo wake utupwe upande wa juu. Acheni nafasi ndogo kati ya mtaro na tuta ili udongo usirudi ndani.

4. Pandeni nyasi za Napier juu ya tuta. Zitashika udongo, na ng'ombe atapata chakula.

5. Msilime kuteremka kilima, wala msilime mpaka ukingoni mwa mto. Acheni majani na miti isimame hapo.

Kama hujui namna ya kupima, mwite Bwana Shamba aje akuonyeshe.

ULIZA HAYA KABLA YA KUTIA SAHIHI

Ruhusa njema ni ruhusa yenye maswali. Muulize mwalimu: Je, saa za maji kujaa na kupwa zimeangaliwa? Wako watu wazima wa kutosha, na mwenyeji ajuaye mahali hapo? Kama watoto watapanda mashua, kila mmoja atavaa jaketi la kuokoa maisha? Watarudi kabla ya giza?

Mpe mtoto kofia, maji ya kunywa, na viatu vikuukuu vinavyofungwa kwa kamba, kwani tope huvua ndara. Mwonye asioge mtoni. Mwambie asichukue kombe wala konokono aliye hai, na akigeuza jiwe kutazama chini yake, alirudishe lilivyokuwa, maana lile ni nyumba ya mwingine.

Kama fedha za darasa zima hazipatikani, wazazi waweza kuchanga ili watoto wachache waende, kisha wasimame mbele ya mkutano wa wazazi na kueleza waliyoyaona. Kama hata hilo ni gumu, mwalimu awapeleke kwenye kijito kilicho karibu na skimu siku ya pili baada ya mvua kubwa. Chupa mbili na kijiko cha chumvi hazina gharama.

Mwanao akirudi kutoka pwani ataleta chupa yenye maji ya Sabaki, na chini yake kutakuwa na udongo. Usiitupe. Iweke dirishani. Kisha nenda ukatazame mtaro ulio chini ya shamba lako baada ya mvua, uone rangi ya maji yanayotoka. Ikiwa rangi ni moja, twaa jembe, umwite na mtoto mwende pamoja.

Wazee walisema, udongo uwahi ungali maji. Walikuwa wakisema juu ya mfinyanzi, lakini neno hilo lafaa kwa mtoto aliye shuleni, na lafaa kwa shamba kabla mvua hazijaanza.