Kiungulia Kina Saa Zake

Kwenye duka la dawa, kiungulia mara nyingi hakiji kwa jina lake. Mmoja ataomba dawa ya gesi, mwingine atalalamika kwamba vidonda vya tumbo vimemwamkia tena, na wa tatu ataweka mkono kwenye chembe cha moyo na kuomba omeprazole mbili tu, za kumvusha usiku huu. Ukiwahoji kidogo utakuta wanaeleza jambo moja: moto unaopanda kutoka juu ya tumbo hadi nyuma ya kidari, pengine na maji machungu yanayofika kooni, na hali huwa mbaya zaidi wakiinama au wakilala.

Vidonda vya tumbo ni ugonjwa mwingine. Vingi husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ambaye ugunduzi wake uliwapatia Barry Marshall na Robin Warren wa Australia Tuzo ya Nobeli mwaka 2005, au na dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini. Kiungulia kina asili tofauti. Asidi ya tumbo ni kali mno, lakini tumbo lenyewe haliungui kwa kuwa ukuta wake umefunikwa na ute mzito. Umio, ile njia ya sentimita 25 hivi inayoshusha chakula, hauna kinga ya namna hiyo. Unalindwa na msuli wa mviringo ulio pale unapoingia tumboni, ambao hufunguka tunapomeza na kujifunga tonge likishapita. Wengi wenye kiungulia hawana asidi nyingi kuliko majirani zao. Msuli huo ndio unaolegea wakati usiofaa.

Tumbo lililojaa pomoni huulegeza. Chakula cha mafuta hukawia tumboni na kuurefusha muda wa hatari. Sigara na pombe zina mchango wao, na kitambi husukuma kutoka chini. Kwa mjamzito, homoni ya projesteroni huulegeza msuli huku mji wa mimba ukilibana tumbo. Wanaosema kiungulia cha mimba ni dalili ya mtoto mwenye nywele nyingi wasichekwe haraka: mwaka 2006 watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, walichapisha matokeo ya wajawazito 64, na waliosumbuliwa sana walielekea kweli kuzaa watoto wenye nywele nyingi. Nywele zenyewe hazichomi mtu. Watafiti walidhani homoni zilezile ndizo zinazofanya kazi zote mbili.

Wagonjwa wengi huja wakiwa wamekatazwa pilipili, nyanya, machungwa, kahawa, chai na maharage kwa mpigo. Mimi naona katazo hilo limepitiliza. Acha kile unachojua kinakuchoma wewe, basi. Kinachonishangaza ni kwamba mtu huyohuyo anakula ugali na nyama ya kukaanga saa nne usiku, na saa nne na nusu yuko kitandani. Hakuna orodha ya vyakula itakayomsaidia. Chakula cha usiku kitangulie kulala kwa saa mbili hadi tatu, na kiwe kidogo. Mwezi wa Ramadhani ndipo hili linapoonekana wazi: sambusa, bajia na viazi karai juu ya tumbo tupu, kisha daku nzito na kurudi kulala. Gawanya futari, na daku iwe nyepesi.

Anayechomwa usiku ainue kichwa cha kitanda kwa matofali, sentimita 15 hadi 20. Kurundika mito hakusaidii sana, maana hukunja kiwiliwili na kulibana tumbo. Kulala ubavu wa kushoto pia husaidia, kwa sababu ya umbo la tumbo: asidi hubaki chini ya mdomo wa umio.

Sasa dawa, na hapa ndipo makosa yalipo mengi. Vidonge vya kutafuna na dawa za maji zenye magnesiamu, alumini au kalsiamu huizima asidi iliyopo ndani ya dakika chache tu, lakini nafuu yake haidumu. Maziwa hupoza kidogo, kisha huliamsha tumbo litoe asidi zaidi. Magadi na soda ya kuokea huleta gesi na chumvi nyingi, visimkaribie mwenye shinikizo la damu. Anayetumia dolutegravir kwa ajili ya VVU aimeze saa mbili kabla ya dawa zenye magnesiamu au alumini, au saa sita baada yake, la sivyo haitafyonzwa vizuri.

Omeprazole si dawa ya kuzima moto uliokwisha kuwaka. Inafunga pampu zinazotengeneza asidi, na pampu hizo huamshwa na chakula. Kwa hiyo humezwa dakika 30 hadi 60 kabla ya kula, kwa kawaida asubuhi, kila siku kwa wiki nne hadi nane, na nguvu yake kamili huchukua siku kadhaa kujengeka. Mbili zinazomezwa usiku tumbo likiwa limeshiba na kidari kinawaka hazina kazi kubwa. Wala usiigeuze kuwa rafiki wa miaka bila kumwona daktari, kwani ukiiacha ghafla asidi hurudi kwa kishindo.

Maumivu ya kifua yanayokuja na jasho, kukosa pumzi, au kusambaa kwenye mkono au taya yanaweza kuwa ya moyo. Usipoteze muda na dawa ya gesi, nenda hospitali mara moja. Kutapika damu, kinyesi cheusi kama lami na kupungua uzito bila sababu navyo ni vya daktari. Lakini dalili ninayoomba isipuuzwe kabisa ni chakula kukwama. Afrika Mashariki imo katika ukanda wenye saratani nyingi ya umio, na wagonjwa wengi hufika wakiwa wamechelewa. Ukiona ugali au nyama haishuki mpaka uisukume kwa maji, usinunue kidonge kingine. Muulize daktari kuhusu kipimo cha endoskopi, wiki hii.