Kidari cha kuku na chokoleti nyeusi: Kipi chenye manufaa zaidi mwilini?

KWA miaka mingi chokoleti ilihesabiwa kuwa kitu cha kuwabembelezea watoto. Siku hizi mambo yamebadilika. Chokoleti nyeusi, ile yenye kakao nyingi na sukari kidogo, inasifiwa kuwa chakula cha afya, na wapo wanaoipigia debe kama tiba ya upungufu wa damu na kinga ya maradhi ya moyo.

Kwa upande mwingine kuna kidari cha kuku, ule mnofu mweupe wa kifuani unaopendwa na wanaojenga misuli pamoja na wanaotaka kupunguza unene.

Ukivilinganisha vyakula hivi viwili kwa takwimu pekee, huenda ukashangaa. Gramu 100 za chokoleti yenye kakao ya asilimia 70 hadi 85 zina takriban miligramu 12 za madini ya chuma, ambayo mwili huyatumia kutengeneza damu. Gramu 100 za kidari kilichopikwa bila ngozi zina miligramu moja tu. Je, mama mjamzito aliyeelezwa kliniki kwamba ana upungufu wa damu aachane na kuku na kununua chokoleti?

Jibu ni la, na sababu zake zinafaa kueleweka, kwa maana suala lenyewe si la mzaha. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba mnamo 2019, asilimia 37 ya wanawake wajawazito na asilimia 40 ya watoto wenye umri wa miezi 6 hadi 59 kote duniani walikuwa na upungufu wa damu.

Kipimo kinachopotosha

Tatizo la kwanza ni kipimo chenyewe. Gramu 100 za kidari ni kipande cha kawaida ambacho mtu hukimaliza kwa mlo mmoja. Gramu 100 za chokoleti ni bamba zima, lenye kalori zinazokaribia 600, gramu 43 za mafuta na gramu 24 za sukari. Zaidi ya nusu ya mafuta hayo ni ya aina inayoganda, ambayo wataalamu wa lishe hushauri yaliwe kwa kiasi.

Kidari, kwa upande wake, kina kalori 165 na mafuta yasiyozidi gramu nne. Hakina sukari hata chembe.

Kwa hivyo, ulinganisho wa haki ni kati ya gramu 100 za kidari na gramu 30 za chokoleti, yaani vipande vichache vya bamba. Hapo kalori zinakaribiana: 165 kwa kuku na 180 kwa chokoleti. Lakini mlaji wa kuku amepata gramu 31 za protini, naye mlaji wa chokoleti amepata zaidi ya gramu mbili kidogo. Yale madini ya chuma yaliyoonekana kuwa mengi nayo yamepungua hadi miligramu tatu na nusu hivi.

Mtu mzima mwenye uzani wa kilo 60 anahitaji takriban gramu 50 za protini kwa siku. Gramu 160 za kidari zinatosha kumpa kiasi hicho. Akitaka kukipata kutokana na chokoleti pekee, itambidi ale zaidi ya mabamba sita ya gramu 100, pamoja na kalori 3,800 na sukari inayopita gramu 150. WHO inapendekeza sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 hivi kwa siku kwa mtu mzima wa kawaida.

Historia nayo ina funzo. Katika miaka ya 1930, Ghana, iliyoitwa Gold Coast wakati huo, iliongoza duniani kwa kuzalisha kakao. Ni huko huko ambako daktari Cicely Williams aliwahudumia watoto waliovimba miguu na kubanduka ngozi baada ya kuachishwa ziwa na kulishwa uji wa mahindi pekee. Mnamo 1935 aliueleza ugonjwa huo katika jarida la Lancet kwa jina lake la Kiga, kwashiorkor, nasi tunauita unyafuzi. Watafiti wamebaini baadaye kwamba ukosefu wa protini si chanzo chake pekee. Hata hivyo, ilikuwa wazi kwamba utajiri wa kakao mashambani haukuwa umefika katika sahani ya mtoto.

Madini yanayopita bila kutumika

Tatizo la pili ni kwamba si kila kiingiacho tumboni huingia katika damu. Madini ya chuma yaliyomo katika nyama, kuku na samaki kwa sehemu fulani ni ya aina ambayo mwili huifyonza kwa urahisi. Yale ya mimea, ikiwemo kakao, hufyonzwa kwa shida.

Isitoshe, kakao ina kemikali za asili zinazoipa ladha yake ya uchungu, na ambazo huyanasa madini hayo kabla ya mwili kuyatumia. Chai ina kemikali za jamii hiyo hiyo. Ndiyo maana wataalamu huwashauri wenye upungufu wa damu wasinywe chai pamoja na chakula, bali wasubiri saa moja au mbili.

Nyama hufanya kinyume chake. Kipande cha kuku kikiliwa pamoja na maharagwe au mchicha, huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika mboga hizo. Limau, chungwa au nyanya pia husaidia, kwa sababu ya vitamini C.

Lakini kuna jambo ambalo wapenzi wa kidari hulisahau. Katika kuku yule yule, paja lina madini ya zinki na chuma kuliko kidari, nalo ini limevipita vyote. Gramu 100 za maini ya kuku yaliyochemshwa zina zaidi ya miligramu 11 za chuma, kiasi kinachokaribia kile cha chokoleti, tena cha aina inayofyonzwa vyema zaidi. Tahadhari ni kwamba ini lina vitamini A nyingi mno, hivyo mama mjamzito hapaswi kulila kila siku, na ni vyema amwulize mhudumu wa kliniki kwanza.

Sifa za kweli za chokoleti

Hii haimaanishi kwamba chokoleti nyeusi haina faida. Gramu 30 zake zina zaidi ya gramu tatu za nyuzinyuzi zinazosaidia usagaji wa chakula, ilhali kuku hana kabisa. Pia inamshinda kuku kwa madini ya magnesiamu na shaba.

Kuhusu moyo, utafiti mkubwa uliochapishwa nchini Marekani mnamo 2022 uliwashirikisha zaidi ya watu wazima 21,000. Wale waliopewa vidonge vya viini vya kakao hawakuonyesha upungufu wa kutegemewa katika jumla ya matukio ya mshtuko wa moyo, kiharusi na mengineyo ya aina hiyo, ingawa vifo vilivyotokana na maradhi hayo vilikuwa vichache kwao. Aidha, hivyo vilikuwa vidonge, wala si chokoleti yenye sukari na mafuta.

Mwaka huo huo shirika la kutetea wanunuzi la Consumer Reports, pia la Marekani, lilipima chokoleti nyeusi 28 na kupata madini ya risasi na kadimiamu katika zote. Katika 23 kati yake, kula gramu 28 tu kila siku kungemfikisha mtu mzima katika kiwango cha kutia wasiwasi. Watoto na wajawazito ndio walio katika hatari kubwa zaidi.

Kuku naye ana masharti yake. Akikaangwa na ngozi katika mafuta mengi, sifa ya mafuta machache hutoweka. Asipoiva hadi ndani, anaweza kuleta maradhi ya tumbo.

Kwa ufupi, kidari ni chakula cha kujenga mwili, nayo chokoleti nyeusi ni kiburudisho chenye manufaa kiasi, na hakuna kati ya viwili hivyo kinachoweza kuwa tiba ya upungufu wa damu. Mama aliyepewa vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki kliniki asiviache kwa sababu ya kitu kitamu. Na mwenye kipato kidogo asihuzunike kwa kukosa vyote viwili: omena kwa ugali, au maharagwe na mchicha vilivyokamuliwa limau, vitamfaa kuliko bamba lolote la chokoleti.