Baba Marta ni Bibi

Kwetu, Baba Marta angekuwa mzee aliyemzaa Marta. Kwa Wabulgaria, neno baba maana yake ni bibi, na Baba Marta ni Bibi Machi, ajuza asiyetabirika. Akicheka, jua huwaka. Akinuna, theluji huanguka.

Nilifika Sofia mwishoni mwa Februari. Mlima Vitosha, ulioinuka kusini mwa jiji, ulikuwa mweupe tangu kileleni, na karibu na hamamu ya zamani watu walikinga maji ya chemchemi kwenye mabomba, mvuke ukiwapanda usoni. Baridi hiyo haikuzuia biashara ya vibandani: kila meza ilijaa martenitsa.

Martenitsa ni uzi mwekundu na mweupe uliosokotwa pamoja. Nyekundu ni damu na uhai. Nyeupe ni usafi na umri mrefu. Tarehe 1 Machi hufungwa mkononi au kubanwa kifuani. Nyingine ni vijisesere viwili, Pizho mweupe na Penda mwekundu. Zamani hata wanakondoo walifungwa, wasipatwe na maradhi.

Tarehe 1 Machi ilipofika nilitaka kujinunulia, lakini mama muuzaji alitikisa mkono. Martenitsa hupewi na nafsi yako. Akachukua uzi mmoja, akaufunga yeye mwenyewe mkononi mwangu, akasema, "Chestita Baba Marta!", yaani heri ya Bibi Marta. Hapo ndipo nilipoielewa desturi hii. Kufikia mchana dereva wa tramu alikuwa nazo tatu, na mwanafunzi aliyesimama karibu yangu alikuwa nazo hadi karibu na kiwiko. Mkono wenye nyuzi nyingi ni mkono wa mtu mwenye watu. UNESCO iliiorodhesha mila hii mwaka 2017, kwa pamoja na Romania, Moldova na Masedonia Kaskazini, lakini uhai wake naona uko katika vidole vya anayekufunga.

Haivuliwi ovyo. Unangoja umwone korongo, au mti uliochanua, ndipo uitundike tawini. Wengine huiweka chini ya jiwe, kisha hurudi kutazama mdudu aliyejificha hapo: wakikuta sisimizi, mwaka huo kondoo watazaana sana.

Na korongo huyo anatoka kwetu! Korongo weupe wa Ulaya ya Mashariki huvuka Bosphorus wakielekea Afrika, na wengi hupitisha miezi ya baridi katika mbuga za Kenya na Tanzania, wakila nzige na viwavi. Nimewaona Serengeti wakitembea majanini polepole kama wazee watokao msikitini. Sikujua kwamba kuna jiji zima linalotazama juu likiwangoja.

Nilimweleza hivyo mwenyeji wangu. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza wanakula nini huko, na kama kuna mtu anayewasumbua.

Niliondoka kabla hawajafika, uzi ukiwa bado mkononi. Wao walikuwa wakipanda kaskazini kwa mabawa yao, mimi nikishuka kusini.