Matete iachie nafasi kichochoro cha nyuma

Nyuma ya majumba makubwa ya Mayfair na Belgravia jijini London kuna vichochoro vilivyojengwa karne ya 18 na 19 kwa ajili ya farasi. Chini walifungwa farasi na kuegeshwa magari yao; juu zilihifadhiwa nyasi kavu, na saisi au mwendesha gari akaishi hapo na familia yake. Motokaa zilipowaondoa farasi mwanzoni mwa karne ya 20, mazizi yakageuzwa gereji, kisha nyumba, na leo ni miongoni mwa makazi ghali ya jiji hilo. Si uzuri wa kuta ulioyaokoa. Kila zizi lilikuwa na mlango wake kwenye njia, hivyo liliweza kuuzwa au kupangishwa peke yake bila mtu kukatiza ua wa mwenzake.

Soko la Matete, katika kaunti ya Kakamega nchini Kenya, linalihitaji somo hilo sasa. Katika masoko yetu mengi, mwenye ploti hujenga maduka yakitazama barabara, kisha vyumba vya kupangisha hadi kwenye ua wa nyuma, na njia ya kutokea ikabaki upenyo mmoja kati ya maduka. Moto ukiwaka mbele, wapangaji wamenaswa. Choo kikijaa, lori la kunyonya maji taka halifiki. Mzee akifariki na wanawe wakagawana, aliyepata nyuma amerithi vyumba visivyo na barabara.

Najua jibu la wenye ploti: ardhi Kakamega ni haba. Ni kweli, lakini tupige hesabu. Ploti ya futi 50 kwa 100 ikiachia futi 10 nyuma, imepoteza sehemu moja ya kumi tu; majirani wawili waliopakana migongo wakifanya hivyo, wamepata njia ya futi 20, na kila ploti ina uso wa pili wa kujenga nyumba au duka.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba London vichochoro hivyo viliishia mikononi mwa matajiri, na familia za masaisi zikatoweka. Kichochoro hakiamui nani ataishi humo. Umiliki na kodi ndivyo huamua, na hayo yanadai sheria zake. Hata hivyo mpangaji maskini ndiye wa kwanza kuumia pasipo na njia.

Sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 inaipa kaunti uwezo wa kuchora mipango ya masoko. Matete ichorewe wakati nyuma ya ploti nyingi bado kuna migomba na ua wa miti. Matofali yakishapandishwa, kila futi itadai fidia.