Divai za Hispania: Kutoka Umri wa Pipa hadi Jina la Kijiji

Hispania ina eneo kubwa la mizabibu kuliko nchi nyingine yoyote duniani, zaidi ya hekta 900,000, lakini kwa wingi wa divai kwa kawaida hushika nafasi ya tatu, nyuma ya Italia na Ufaransa. Sababu ni ukame. Sehemu kubwa ya nchi ni uwanda wa juu uitwao Meseta, wenye mvua haba, jua kali wakati wa kiangazi na baridi ya kuuma wakati wa majira ya baridi. Huko wakulima walizoea kupanda mizabibu kwa kuachanisha, kila mmoja hatua kadhaa kutoka kwa mwenzake, bila waya wala nguzo, ukapogolewa ubaki mfupi kama kichaka ili mizizi isigombee maji. Umwagiliaji nao ulizuiwa na sheria hadi mwaka 1996. Ndiyo maana shamba kubwa la La Mancha, kusini mwa Madrid, linaweza kutoa divai kidogo kuliko shamba dogo la Bordeaux.

Kwa muda mrefu ubora wa divai ya nchi hii ulipimwa kwa umri. Lebo ilieleza divai imekaa miaka mingapi kwenye pipa na kwenye chupa kabla ya kuuzwa. Kwa divai nyekundu za Rioja, neno Crianza lina maana ya angalau miaka miwili, mmoja kati yake ndani ya pipa la mwaloni; Reserva ni miaka mitatu, mmoja ndani ya pipa; Gran Reserva ni mitano, miwili ndani ya pipa na miwili ndani ya chupa. Maneno hayo yangali yanatumika, na ni ya kweli. Lakini hayasemi zabibu zimetoka mlima gani, wala zimeota kwenye udongo gani. Habari kubwa ya divai ya Hispania tangu mwisho wa karne ya 20 ni kwamba wazalishaji wake bora wameanza kujibu maswali hayo ya mahali.

Mazoea ya pipa yalikomaa Rioja, kaskazini, kando ya mto Ebro. Luciano Murrieta alitengeneza divai yake ya kwanza kwa mtindo wa Bordeaux mwaka 1852, na kampuni ya Marqués de Riscal ikaanzishwa mwaka 1858. Kisha ukaja msiba wa jirani. Filoksera, kijidudu kinachofyonza mizizi ya mzabibu hadi unakauka, kiliteketeza mashamba ya Ufaransa kuanzia miaka ya 1860, na wafanyabiashara wa Bordeaux wakavuka milima kutafuta divai ya kuziba pengo. Walikuja na fedha, ujuzi, na pipa lao la lita 225. Maghala yakajengwa kuzunguka stesheni ya reli ya mji wa Haro, na kadhaa yapo mpaka leo. Baadaye kijidudu hicho kilifika Rioja yenyewe, na tiba ikawa ileile ya Ulaya nzima: kubebesha vikonyo vya mizabibu ya wenyeji juu ya mashina ya mizabibu ya Kimarekani, ambayo mizizi yake huhimili mashambulizi.

Zabibu kuu ya Rioja ni Tempranillo, jina linalotokana na neno la Kihispania lenye maana ya mapema, kwa kuwa huiva mapema. Ikikaa muda mrefu kwenye mwaloni wa Marekani, divai yake hupata harufu ya vanila na nazi, rangi hufifia kuelekea matofali ya kuchoma, na ukakasi wa maganda hulainika. Gran Reserva iliyotengenezwa vizuri bado ni miongoni mwa divai chache duniani ambazo mnunuzi huzipata zikiwa tayari zimekomaa bila kulipa bei ya kuogofya. Udhaifu wa mfumo huo ulikuwa kwamba zabibu za vijiji vingi zilichanganywa, shamba likapotea ndani ya jina la kampuni. Mwaka 1991 Rioja ilipewa daraja la juu kabisa la jina la asili linalolindwa kisheria, lakini daraja hilo lilitolewa kwa mkoa mzima, tambarare na milima kwa pamoja. Malalamiko yalipozidi, baraza la udhibiti liliruhusu mwaka 2017 divai za shamba moja zenye kutambulika kwa jina, kwa sharti kwamba mizabibu iwe na angalau miaka 35 na zabibu zichumwe kwa mkono.

Kusini magharibi mwa Rioja, kando ya mto Duero, Tempranillo hiyohiyo hubadilika tabia. Ribera del Duero ina mashamba yaliyo kwenye mwinuko wa mita 750 hadi zaidi ya 900. Mchana wa kiangazi joto huunguza, usiku baridi huingia, na tofauti ya nyuzijoto kati ya vipindi hivyo viwili yaweza kufika 20. Mchana huipa zabibu sukari na ganda nene, usiku huihifadhia uchachu wake. Matokeo ni divai nyeusi zaidi, nzito na yenye misuli. Vega Sicilia ilianza hapa mwaka 1864, na divai yake ya Único hukawia takriban miaka kumi kabla ya kuuzwa. Kwa muda mrefu ilisimama peke yake kama mnara jangwani. Jina la Ribera halikulindwa kisheria hadi mwaka 1982. Alejandro Fernández, mwanzilishi wa kampuni ya Pesquera, aliionyesha dunia kwamba majirani wa Vega Sicilia nao wanaweza, na mwaka 1995 Peter Sisseck, raia wa Denmark, akatoa Pingus kutoka kwenye mizabibu mikongwe, divai iliyokuwa ghali tangu siku ya kwanza. Ribera imezaa pia divai nyingi zilizojaa pipa kuliko zabibu, na mtindo huo sasa unapungua, jambo la kushukuriwa.

Mapinduzi yenyewe ya kulitanguliza shamba, hata hivyo, yalianzia Catalonia, katika milima ya Priorat. Watawa wa Scala Dei walilima mizabibu hapo tangu karne ya 12, lakini baada ya filoksera vijiji vilihamwa na matuta yakaachwa kwa magugu. Udongo wa huko, uitwao llicorella, ni vipande vya jiwe la sleti jeusi linalometameta juani; hauna rutuba, na maji huteremka chini ya nyufa. Mzizi hulazimika kuyafuata. Mzabibu mkongwe wa Garnacha au Cariñena kwenye miteremko hiyo huweza kutoa chini ya kilo moja ya zabibu kwa mwaka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 René Barbier aliwavuta marafiki kadhaa kwenye kijiji cha Gratallops, wakiwemo Álvaro Palacios, Daphne Glorian, Carles Pastrana na José Luis Pérez. Hawakuwa na mtaji wa kutosha wa kila mtu kuwa na ghala lake, kwa hiyo zabibu za mavuno ya 1989 walizikamua pamoja, kisha divai hiyo moja wakaitia kwenye chupa zenye lebo tofauti. Ndani ya miaka michache kila mmoja alishika njia yake, na L'Ermita ya Palacios, inayotoka kwenye mteremko mmoja wa Garnacha kongwe, ikawa miongoni mwa divai zenye bei ya juu kabisa nchini. Somo ambalo wengine walilichukua halikuwa bei. Lilikuwa kwamba mizabibu iliyosahauliwa na wazee, kwenye miteremko ambayo trekta haiwezi kupanda, ndiyo hazina.

Palacios mwenyewe alilipeleka somo hilo kaskazini magharibi. Mwaka 1999 yeye na mpwa wake Ricardo Pérez walianza kutengeneza divai huko Bierzo, katika miteremko ya sleti ya kijiji cha Corullón, kwa zabibu ya Mencía iliyokuwa ikidharauliwa. Divai yake ina harufu ya maua na matunda mekundu, na ni nyepesi kuliko ya Ribera. Katika milima ya Gredos, magharibi mwa Madrid, vijana walifanya vivyo hivyo kwa Garnacha inayoota kwenye mchanga wa matale, baadhi ya mashamba yakiwa juu ya mita 1,000. Divai yake ni ya rangi ya kupauka, karibu uone upande wa pili wa glasi, na huwashangaza waliozoea kuijua Garnacha kama zabibu ya divai tamtamu ya tambarare. Mashariki, Bobal ya Utiel-Requena na Monastrell ya Jumilla zinafuata mkondo huo taratibu zaidi. Bei zao bado ni za chini.

Divai nyeupe za kisasa zina historia fupi zaidi, kwa sababu zilisubiri baridi ya mitambo. Zabibu ya Verdejo ya Rueda huharibika upesi ikigusana na hewa. Marqués de Riscal ilipofungua ghala Rueda mwaka 1972, matangi ya chuma yenye kupoza yaliiokoa, na siku hizi mashamba mengi huvunwa usiku, wakati zabibu zingali baridi. Galicia, pwani ya Atlantiki, hali ni kinyume cha Meseta: kijani kibichi, ukungu, na mvua isiyokatika. Katika Rías Baixas, jina lililolindwa tangu 1988, mizabibu ya Albariño hutandazwa juu ya chanja zinazoshikiliwa na nguzo za matale, ili upepo upite chini na kuzuia kuvu. Divai hiyo ina uchachu mkali na ladha inayokumbusha chumvi, na wenyeji huinywa pamoja na pweza, chaza na kome. Godello, zabibu ya Valdeorras, ilikaribia kutoweka kabla ya kufufuliwa katika miaka ya 1970, na leo baadhi ya wataalamu huiweka juu ya Albariño kwa uwezo wa kukaa miaka mingi.

Jerez, kusini kabisa, ni dunia nyingine. Jina lake liliandikwa Sherish na Waarabu wa Andalusia, na Waingereza wakalipotosha kuwa sherry. Ardhi yake bora ni nyeupe kama chaki. Hunyonya mvua za majira ya baridi na kuyatunza maji yake chini ya tabaka gumu la juu wakati wa jua. Zabibu ni Palomino, isiyo na mbwembwe. Divai ikishaongezwa alkoholi hadi asilimia 15, huwekwa kwenye mapipa yasiyojazwa, na juu yake huota utando mweupe wa hamira uitwao flor. Utando huo huikinga divai na hewa, huku ukiila na kuibadilisha, na hivyo hupatikana fino: kavu kabisa, yenye harufu ya mlozi na unga wa mkate. Ikizeeshwa Sanlúcar de Barrameda, penye unyevu wa bahari, huitwa manzanilla. Alkoholi ikipandishwa kufikia asilimia 17, hamira hufa, divai hukutana na hewa, nayo huwa oloroso ya rangi ya kahawia. Amontillado huanza chini ya utando na kumalizia bila utando. Mapipa hupangwa kwa ngazi. Sehemu ya divai huchotwa kwenye mapipa ya chini, ambayo ndiyo kongwe, na pengo lake hujazwa kutoka ngazi ya juu yake, kwa hiyo chupa haina mwaka mmoja. Hata hapa swali la shamba limerudi. Kizazi kipya kinatengeneza Palomino isiyoongezwa alkoholi, kwa majina ya miteremko kama Macharnudo na Balbaína, na mwanzoni mwa miaka ya 2020 kanuni za Jerez zilirekebishwa ili hata fino iliyofika asilimia 15 kwa sukari ya zabibu zake yenyewe ikubaliwe.

Visiwa vya Canary viko karibu zaidi na Morocco kuliko Madrid, na filoksera ya karne ya 19 haikuvifikia. Kimojawapo, Lanzarote, kilifunikwa kwa sehemu kubwa na majivu ya volkano kati ya 1730 na 1736. Wakulima wakachimba mashimo mapana hadi kuufikia udongo wa zamani, wakapanda mzabibu mmojammoja ndani ya kila shimo na kujenga kuta fupi za mawe kuuzuia upepo. Majivu hunasa umande wa usiku. Hakuna mashine inayoweza kulima mahali kama hapo.

Mezani, fino na manzanilla hunywewa zikiwa baridi kama maji ya friji, na chupa ikifunguliwa imalizwe ndani ya siku chache. Gredos na Bierzo hupendeza zikipozwa kidogo. Rioja kongwe haihitaji zaidi ya kivuli.

Mvutano kati ya jina la mkoa na jina la shamba haujaisha. Cava, divai ya povu iliyoanzishwa na Josep Raventós mwaka 1872 katika nyumba ya Codorníu, huweza kutoka Catalonia, Rioja hata Extremadura chini ya jina moja. Raventós i Blanc, kampuni ya uzao wake, ilijitoa kwenye jina hilo mwaka 2012, na kundi la wazalishaji la Corpinnat likafuata mwaka 2019. Kampuni ya Artadi ilijitoa Rioja mwishoni mwa 2015. Divai yake ya Viña El Pisón bado inatoka kwenye shamba lilelile la Laguardia, na neno Rioja halimo tena kwenye lebo yake.