Punguzo Ambalo Mdogo Hawezi Kulifikia

Katika miaka ya 1940, orodha ya bei ya chumvi ya mezani ya kampuni ya Marekani, Morton Salt, ilikuwa na ngazi nne. Mnunuzi wa mzigo usiojaza behewa la treni alilipa dola 1.60 kwa katoni. Aliyejaza behewa alilipa 1.50. Aliyefikisha katoni 5,000 ndani ya miezi 12 alilipa 1.40, na aliyefikisha katoni 50,000 alilipa 1.35. Hakuna aliyekatazwa kununua, wala orodha haikumtaja mtu kwa jina. Lakini ilipochunguzwa ni nani aliyewahi kufika ngazi ya mwisho, yalipatikana makampuni matano tu, yote ya maduka yenye matawi mengi: American Stores, National Tea, Kroger, Safeway na A&P.

Matokeo yake yalikuwa mazito. Maduka hayo yaliweza kumuuzia mteja wa rejareja chumvi ileile kwa bei ya chini kuliko ambayo muuzaji wa jumla angeweza kumuuzia mwenye duka la mtaani. Huyu wa mtaani hakuwa mvivu, wala hakuwa na lugha mbaya kwa wateja. Alikuwa ameshashindwa kabla chumvi haijafika dukani kwake.

Wanasheria wa ushindani huuita mtindo huu ubaguzi wa bei: muuzaji mmoja, bidhaa moja ya ubora uleule, wanunuzi wawili wanaoshindana, bei mbili. Si kila tofauti ya bei ni dhambi. Kupeleka lori moja lililojaa ni nafuu kuliko kupeleka pikipiki 40, na anayempunguzia gharama muuzaji anastahili kupunguziwa bei. Swali ni kama punguzo limefuata gharama au limefuata nguvu ya mnunuzi.

Tazama tena ngazi zile za chumvi. Mbili za mwisho hazikuangalia ukubwa wa mzigo uliopakiwa siku ile, ziliangalia jumla ya manunuzi ya mwaka mzima. Muuzaji wa jumla wa mji mdogo aliyejaza behewa lake na kampuni kubwa iliyojaza lake wangeweza kupokea mizigo inayofanana kabisa, na bado mmoja akalipa zaidi kwa kila katoni.

Orodha hiyo iliifikisha kampuni mahakamani, na sheria iliyotumika kuhukumu kesi hiyo ilipitishwa mwaka 1936. Inaitwa Robinson-Patman, kwa majina ya waliowasilisha muswada wake: Seneta Joseph T. Robinson wa Arkansas na Mbunge Wright Patman wa Texas. Iliirekebisha sheria ya ushindani ya mwaka 1914, ambayo wafanyabiashara wadogo waliona haiwasaidii. Hofu yao kubwa ilikuwa A&P, iliyokuwa na karibu maduka 16,000 kufikia mwaka 1930. Kampuni hiyo haikuishia kuomba bei ya chini. Ilidai pia ada ya udalali kwa manunuzi iliyoyafanya yenyewe, kupitia wafanyakazi wake yenyewe, na ilidai malipo ya matangazo ambayo duka dogo halikupewa. Ndiyo maana sheria ikapiga marufuku udalali wa namna hiyo, ikataka misaada ya matangazo itolewe kwa uwiano kwa wanunuzi wote wanaoshindana, na ikamgusa hata mnunuzi anayejua kwamba analazimisha bei ya upendeleo.

Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya chumvi dhidi ya kampuni. Mambo mawili katika hukumu hiyo yanafaa kukumbukwa. Kwanza, Mahakama ilikataa hoja kwamba punguzo lililo wazi kwa wote kwenye karatasi limetosha, ikiwa katika hali halisi wachache tu ndio wanaoweza kulifikia. Kampuni ilipodai kwamba chumvi ni kitu kidogo katika biashara ya duka, Mahakama ilijibu kwamba duka zima limejengwa kwa vitu vidogo vidogo, na hakuna njia ya kumlinda mwenye duka isipokuwa kukilinda kila kimoja.

Pili, na hapa ndipo penye uzito, Mahakama ilisema kazi ya kuthibitisha kwamba punguzo limetokana na gharama ni ya muuzaji. Busara yake iko wazi. Hesabu za kiwanda ziko kwa mwenye kiwanda. Mwenye duka hajui kupakia behewa kunagharimu kiasi gani, na hana mtu wa kumwonyesha.

Sheria hii ina wakosoaji wakubwa, na hoja yao haipaswi kupuuzwa. Wanasema inawaogopesha wauzaji kutoa punguzo lolote, na mlaji ndiye anayelipa. Mwanasheria Robert Bork aliishambulia vikali katika kitabu chake cha mwaka 1978, na tangu miaka ya 1980 serikali ya Marekani ikaanza kuiacha. Baada ya kesi ya kampuni ya viungo ya McCormick mwaka 2000, Tume ya Biashara ya Shirikisho haikuitumia tena hadi Desemba 2024, ilipoishtaki kampuni ya usambazaji ya Southern Glazer's kwa madai ya kuwauzia wadogo mvinyo na pombe kali kwa bei ya juu kuliko makampuni makubwa. Januari 2025 ikaishtaki PepsiCo, lakini Mei mwaka huohuo, chini ya uongozi mpya, ikaiondoa kesi hiyo.

Wakosoaji wana haki wanapotetea punguzo la kweli. Wanakosea wanapodhani kila bei ya chini aliyopewa mkubwa ni matunda ya ufanisi. Nyingine ni ya kumbana muuzaji tu, na pengo linalobaki muuzaji anaweza kulijaza kwa kumtoza zaidi asiyeweza kumbana.

Afrika Kusini imelipitia jambo hili kwa uchungu. Kampuni ndogo ya kutengeneza nguzo za mbao, Nationwide Poles, ililalamika kwamba kampuni ya kemikali ya Sasol iliwauzia washindani wake wakubwa kriosoti, mafuta ya kuzuia nguzo zisiliwe na mchwa, kwa bei nafuu zaidi. Mwaka 2005 Baraza la Ushindani liliipa ushindi. Mwaka huohuo mahakama ya rufaa ya ushindani ikautengua: haikuthibitishwa kwamba ushindani katika soko zima ulikuwa umedhoofika vya kutosha. Kwa lugha nyepesi, mdogo mmoja kuumia hakukutosha. Bunge lilijibu kwa marekebisho ya mwaka 2018. Sasa, dalili za awali zikionyesha kwamba kampuni inayotawala soko imebagua, yenyewe ndiyo inayotakiwa kuonyesha kwamba haikuwazuia wadogo kushiriki sokoni. Vipengele hivyo vilianza kutumika mwaka 2020.

Kenya imeingia kupitia mlango wa pili, ule wa nguvu za mnunuzi. Mwaka 2020 Mamlaka ya Ushindani iliamua kwamba waendeshaji wa supamaketi za Carrefour walimwonea msambazaji mdogo wa mtindi kwa kumtaka marejesho ya lazima na bidhaa za bure tawi jipya linapofunguliwa. Mwaka uliofuata Baraza la Ushindani lilikubaliana na uamuzi huo. Mnunuzi anayebana na muuzaji anayebagua mara nyingi ni pande mbili za mkataba mmoja, kwa hiyo sheria inayoangalia upande mmoja tu itakuwa inaona nusu ya tatizo.

Kuna wanaoamini kwamba sokoni mwenye nguvu mpishe. Mimi siamini, na naona historia hii inatupa kanuni inayoweza kuandikwa katika sheria yoyote: bei zitofautiane kadiri gharama zinavyotofautiana, na anayezitofautisha ndiye aeleze kwa nini. Kanuni hiyo haimnyimi mkubwa punguzo lake halali. Akilistahili, hesabu zake zitaonyesha. Na haimpi mdogo ruzuku wala huruma. Inampa nafasi ya kushindana kwa kazi yake, yaani usafi wa duka, huduma kwa wateja na kuujua mtaa wake, badala ya kushindwa kwa sababu ya makubaliano ambayo hakuitwa kuyasikia.

Nchi zetu zinapopitia upya sheria zao za ushindani, wabunge waulize kwanza mzigo wa kuthibitisha umebebeshwa nani. Ukibaki kwa mwenye duka, haki yake itaishia kwenye karatasi.